Igeuze Kwanza Uione Ndani: Mwongozo wa Kununua Zawadi za Kazi ya Mikono Msimu wa Sikukuu

Idd ya mwaka juzi niliaibika mbele ya bavyaa yangu, na aibu yenyewe niliinunua kwa pesa zangu.

Siku chache kabla ya sikukuu nilipita kwenye maonyesho ya kazi za mikono hapa Mombasa, nikaona kofia nyeupe yenye nakshi za rangi ya kahawia. Muuzaji akaniambia ni kofia ya vito kutoka Lamu, imeshonwa kwa mkono, na kwamba kwa bei ile ananifanyia hisani tu. Nilitoa shilingi 3,500 bila kuuliza swali la pili. Bavyaa ni mzaliwa wa Lamu, na kofia anazijua kama mvuvi anavyozijua nyavu zake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza ndani nje, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie." Akaiweka juu ya kabati. Siku ya Idd alikwenda kuswali na kofia yake kuukuu. Mavyaa ndiye aliyenivuta jikoni baadaye akaninong'oneza, "Ile ni ya cherehani, mwanangu. Lakini usijali, zawadi ni nia."

Nilijali. Nilijali kwa sababu nilitapeliwa, na zaidi kwa sababu shangazi yangu mwenyewe, kule Kilifi, amesuka mikeka tangu nikiwa mtoto. Nimekaa naye uani miaka mingi, nikimchania miyaa. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua tofauti ya kazi ya mkono na kazi ya mashine, ni mimi. Tangu siku ile sinunui zawadi kabla ya kuigeuza na kuuliza, na niliyojifunza kwa mafundi, kwa shangazi na kwa makosa yangu nayaandika hapa. Disemba imefika, wageni wa bara wanateremka, shule zimefungwa, na kila uwanja una vibanda. Wanaonunua zawadi za Krismasi wanunue kwa macho mawili, na sisi tunaongojea Idd tuanze kujipanga mapema.

Kabla ya kutoka nyumbani

Andika orodha. Andika jina la mtu kwanza, si la kitu: mama, mavyaa, mwalimu wa mtoto, jirani aliyekuangalizia nyumba ulipolazwa. Mbele ya kila jina andika kiasi unachoweza kutoa bila kukopa. Maonyesho yana rangi na ngoma na harufu ya mahamri, na asiye na orodha hurudi nyumbani na vinyago vitano vya twiga na hana zawadi hata moja.

Nenda asubuhi. Saa tatu mafundi wengi ndio kwanza wanapanga bidhaa, hawana haraka, na wanapenda kueleza kazi zao. Jioni kuna msongamano, mwanga umepungua, na rangi za nguo na mbao hudanganya chini ya taa. Beba noti ndogo ndogo, kwani fundi aliyetoka kijijini kwa matatu ya alfajiri huwa hana chenji. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri, na umuulize muuzaji kama ndilo. Beba pia mfuko wako mwenyewe. Ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2017.

Kazi za ukili: mikeka, mikoba na vipepeo

Hapa ndipo ninapoanzia mimi, kwa sababu ndiyo kazi niliyoiona ikifanywa kuanzia mtini hadi sebuleni. Majani machanga ya mkoma hukatwa, huanikwa juani hadi yawe meupe, kisha huchanwa vipande vyembamba. Ndiyo miyaa. Inayotakiwa rangi huchemshwa pamoja na rangi sufuriani. Miyaa ikishasukwa huwa utepe mrefu unaoitwa ukili, na ukili hupimwa kwa pima, mikono miwili ikinyooshwa. Tepe hizo ndizo hushonwa ubavu kwa ubavu hadi zikawa mkeka, au huzungushwa zikawa mkoba. Kusuka kunaweza kufanywa huku mtu akizungumza na wageni. Kushona kunataka mtu atulie, na ndiko kunakoumiza mgongo.

Sasa ufanyeje kibandani? Upindue mkeka utazame upande wa chini. Mkeka wa mkono una mistari ya mshono kila baada ya upana wa utepe, na ukitazama kwa karibu utaona upana huo unapungua au kuongezeka kidogo, kwa kuwa vidole si rula. Vuta mshono polepole kwa vidole viwili. Mshono mzuri hauachani na hauonyeshi mwanga katikati. Lowesha kidole, usugue penye rangi. Ikitoka kidogo ni kawaida kwa mkeka mpya. Ikitoka ukabaki na kidole chekundu, mkeka huo utaharibu kanzu ya mtu akiuswalia akiwa na miguu yenye udhu. Mwisho unuse. Miyaa iliyokauka vizuri ina harufu ya nyasi, na iliyofungwa kabla ya kukauka ina harufu ya ukungu, na ukungu hautoki.

Vikapu vya katani kutoka Taita, na vyondo vya Ukambani, navyo huletwa kwenye maonyesho yetu. Uliza kama uzi ni wa katani au wa nailoni. Vyote viwili vinaweza kufumwa kwa mkono, na cha nailoni huvumilia maji, lakini bei yake haifai kuwa ya katani. Katani ni kavu ukiishika, ina vinyweleo, na haimetimeti.

Vinyago na kazi za mbao

Vinyago vingi vinavyouzwa Pwani ni vya mafundi Wakamba. Inaelezwa kwamba ufundi huu ulienea Ukambani kupitia Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Hapa Mombasa chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kiko Changamwe tangu 1963, na mtu anaweza kwenda kuwaona mafundi wakichonga, vumbi la mbao likiwa limewajaa hadi kwenye kope. Nakushauri uende hata kama hununui. Ukishaona mtu akipiga msasa mgongo wa kiboko mmoja kwa saa nzima, hutapatana tena kwa ukali ule ule.

Udanganyifu mkubwa wa mbao ni mpingo. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Kwa kuwa ni mti wa kukua polepole na umeadimika, wapo wanaochukua mti mwepesi mweupe, wakaupaka rangi nyeusi ya viatu na kuuita mpingo. Upime uzito mkononi. Geuza kinyago utazame chini ya miguu, mahali ambapo rangi haikupakwa vizuri. Kisugue kwa kitambaa chenye unyevu. Fundi mwaminifu hatakasirika ukifanya hivyo, na anayekasirika amekujibu.

Kuna jambo jingine la mbao ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kwa miaka mingi wachongaji walitegemea mhugu, mti mzuri wenye harufu na mistari ya dhahabu, ambao hupatikana katika misitu yetu ukiwemo wa Arabuko-Sokoke. Ulikatwa sana. Leo wachongaji wengi wamegeukia miti inayopandwa na kukua haraka, kama mwarobaini, mwembe na jakaranda. Kinyago cha mwarobaini ni kigumu, kinang'aa vizuri, na mti wenyewe umejaa nyuma ya nyumba zetu. Usimdharau fundi akikwambia kimechongwa kwa mwarobaini. Mpongeze.

Angalia nyufa pia. Mti uliochongwa ukiwa mbichi hupasuka baadaye, hasa zawadi ikisafirishwa hadi Nairobi au Ulaya ambako hewa ni kavu kuliko ya kwetu. Ukigusa kinyago na kukihisi kibaridi na kina unyevu, kiache.

Kama unataka zawadi ambayo ununuzi wake unategemeza kazi ya watu wenye ulemavu, karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa 1969 kwenye barabara ya kwenda Malindi, hutengeneza vipuli, mikufu, nguo na vitu vya mbao. Na kwa watoto, kuna wanyama wanaochongwa kutokana na slipa zilizookotwa ufukweni. Kazi hiyo ilianzia Kiwayu, visiwa vya kaskazini mwa Lamu, miaka ya 1990, kwa kutumia taka zilizoletwa na bahari. Kagua tu gundi: mshikilie twiga shingo na miguu, umpinde kidogo. Akiachana kibandani, ataachana siku ya Krismasi asubuhi, mtoto akilia.

Nguo: kanga, kikoi na kofia

Tuseme ukweli kuhusu kanga. Kanga si kazi ya mkono. Hupigwa chapa kiwandani, na nyingi huchapwa nje ya nchi. Hilo halipunguzi thamani yake kama zawadi, bali linakukinga na muuzaji anayetaka kukuongezea bei kwa kuita doti ya kawaida kazi ya mikono. Ukitaka kanga, nenda Biashara Street, ambako familia za wafanyabiashara zimeuza kanga kwa vizazi, upate chaguo kubwa na bei ya kawaida. Na usome jina kabla ya kulipa. Rafiki yangu alimpelekea wifi yake doti nzuri ya buluu bila kusoma maandishi. Maneno yalikuwa ya mafumbo kuhusu watu wenye husuda. Wamepatana juzi tu.

Kikoi ni habari nyingine. Kikoi hufumwa, hakipigwi chapa, kwa hiyo rangi zake huonekana sawasawa pande zote mbili. Kigeuze. Upande wa pili ukiwa umefifia, hicho ni kitambaa kilichochapwa mistari. Matamvua ya ncha mara nyingi husokotwa kwa mkono, na hiyo ni kazi inayowapa wanawake wengi riziki majumbani mwao. Tamvua lililosokotwa vizuri lina fundo gumu na halifumuki ukilivuta. Uliza pia kilifumwa wapi. Kufumwa mbali si kosa. Kosa ni kukuuzia cha mbali kwa jina la hapa.

Sasa kofia, jambo lililonileta hapa. Kofia ya vito ya mkono huchorwa kwanza nakshi kwenye kitambaa, kisha hushonwa kwa sindano, vitundu vidogo vidogo vikizungushiwa uzi kimoja kimoja. Fundi anaweza kuchukua miezi kuimaliza moja, kwa sababu huishona kati ya shughuli nyingine. Ya cherehani hutoka kwa muda mfupi. Zikiwekwa mezani pamoja, kwa mbali zinafanana. Zigeuze. Ndani ya ile ya cherehani utaona uzi wa pili, mara nyingi wa aina tofauti na wa nje, na pengine uzi unaoruka kutoka ua moja hadi jingine. Maua yote yako sawa kama muhuri. Kwenye ile ya mkono hakuna ua lililo pacha kamili wa mwenzake, na ukiinua kofia kwenye mwanga vitundu vinapitisha nuru, safi, bila nyuzi zilizokatika.

Kofia ya cherehani si haramu kuvaliwa. Ni nafuu, na watu wengi wanaitumia kila siku. Ungeniambia ni ya cherehani ningeinunua kwa bei yake na bavyaa angeivaa kwendea sokoni. Kilichoniuma ni uongo.

Vya jikoni na vya kuliwa

Hizi ndizo zawadi ninazozipenda zaidi kwa sababu zinatumika. Mbuzi ya nazi: ikalie pale pale, uitikise. Ikiyumba sasa itavunjika mwezi wa pili. Pitisha kidole kwa uangalifu kwenye meno ya chuma uone kama yamenolewa na kama shina lake limekaza mtini. Upawa wa kifuu: angalia mpini ulipoingia kwenye kifuu, kusiwe na gundi inayoonekana, kwani gundi na mchuzi wa moto havipatani. Chungu na chetezo: vigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kwa sauti safi. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa, hata kama ufa wenyewe huuoni.

Korosho, halwa, achari na asali nazo ni kazi ya mikono. Nunua penye jina la mtengenezaji na tarehe. Asali ya wafugaji nyuki wanaoishi kandokando ya Arabuko-Sokoke huuzwa kupitia mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanzishwa 1993 ili wanakijiji wapate riziki kutokana na msitu bila kuukata. Chupa moja ya asali, ikafungwa kwa kipande cha kanga, ni zawadi ambayo hakuna atakayeiweka juu ya kabati.

Vitu vya kukataa

Kuna vitu ambavyo huwezi kuwa mnunuzi mwema ukivinunua, hata muuzaji awe mpole namna gani.

La kwanza ni vya baharini na porini. Bangili na vitana vya gamba la ng'amba, kitu chochote cha pembe ya ndovu, matumbawe yaliyovunjwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali, na anayekutwa navyo uwanja wa ndege ni mnunuzi, si muuzaji. Makombe makubwa na madogo ya kupambia nyumba nayo yaache. Ile triton kubwa ya kupuliza kama baragumu hula viti vya pweza wenye miiba, ambao nao hula matumbawe. Ukimwondoa mlinzi, mwamba unaliwa, na mwamba ukiisha samaki wanahama. Mvuvi wa Watamu atakueleza vizuri kuliko mimi.

La pili ni vigango. Hizi ni nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda husimamisha kwa ajili ya wazee waliofariki wa chama cha gohu. Kigango si pambo. Ni mahali pa mzee pa kukaa, na kuking'oa ni kumvunjia heshima marehemu na kuiletea familia mashaka. Kwa miaka mingi vimeibwa usiku na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, hadi vikajaa katika makumbusho na nyumba za watu Marekani. Baadhi vimeanza kurudi: vigango 30 vilivyokuwa katika makumbusho ya Denver vilirejeshwa Kenya 2019. Ukionyeshwa nguzo ya zamani yenye kichwa cha duara na michoro ya pembetatu, ukaambiwa ni "ya kale", usiulize bei. Vitu vya kale vina sheria yake pia, ya 2006, na havitoki nchini bila kibali.

Bei, na siku za shangazi

Hapa ndipo tunapokoseana sana sisi wanunuzi wa Pwani, nami nikiwemo.

Tumelelewa kupatana bei. Ni mazungumzo, ni mchezo, na anayelipa bei ya kwanza tunamcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa hodari. Hadi siku niliyokaa nyuma ya kibanda badala ya mbele yake.

Nilimsindikiza shangazi kwenye maonyesho ya Disemba na mkeka mmoja mkubwa. Alitaka shilingi 1,500. Alikuja dada mmoja nadhifu, mwenye adabu, akaanza na 600. Wakavutana wakicheka. Mwishowe shangazi akakubali 900, kwa sababu ilikuwa saa kumi na moja jioni na nauli ya kurudi alikuwa hana. Yule dada akaondoka na furaha yake, na sidhani alijua alichofanya. Ndani ya matatu nikamuuliza shangazi, mkeka ule ulikuchukua siku ngapi? Akahesabu kwa vidole. Siku mbili za kukata na kuanika, siku kumi za kusuka, tatu za kushona. Kumi na tano. Nikagawanya 900 kwa kumi na tano, nikapata shilingi 60 kwa siku, kabla ya kutoa rangi na nauli. Pesa hizo hazinunui pakiti ya unga.

Sikuweza kumwambia. Lakini yeye alijua. Alitazama nje ya dirisha akasema, "Ndio maana wasichana hawataki kujifunza." Binti zake wote wawili hawajui kusuka. Mimi najua kuchania miyaa tu. Kijijini kwake wanawake wanaosuka mikeka mikubwa sasa wanahesabika, na wote wana mvi.

Kwa hiyo leo nikifika kibandani nauliza maswali matatu. Nani ametengeneza? Imechukua siku ngapi? Yeye anapata nini? Muuzaji akiwa ndiye fundi, majibu yanatoka haraka, mara nyingi na vidole vyenye sugu vikionyesha. Akiwa mchuuzi, si lazima awe mbaya. Kuna wanaonunua kwa haki kijijini, wakalipa gari na kibanda, na bila wao kazi isingefika mjini. Lakini mchuuzi wa haki anajua jina la fundi na kijiji chake. Asiyejua lolote ananiuzia kitu kisichokuwa na mwenyewe.

Kisha nagawanya. Bei iliyotajwa, kwa siku zilizotajwa. Nikiona hesabu inamwachia fundi ujira ambao mimi nisingeukubali, sipatani. Nikiona bei imepandishwa kwa kuwa nimevaa vizuri au kwa kuwa ni msimu, napatana, na hakuna dhambi. Kupatana ni kutafuta bei ya haki, na bei ya haki inaweza kuwa juu ya ile ninayoitamani.

Najua utaniambia: nami sina pesa, maisha ni magumu, na watoto wanarudi shule Januari. Ni kweli, na sikulaumu. Lakini asiye na pesa za mkeka anaweza kununua kipepeo cha kupepea jiko, au kawa la kufunikia chakula, kwa bei kamili. Mpe mama kipepeo kizuri kilicholipwa kwa haki. Ni bora kuliko mkeka uliomnyima mtu chakula cha jioni.

Agiza mapema

Jambo la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Maonyesho usiyafanye mahali pa kununua tu. Yafanye mahali pa kukutana na fundi. Chukua namba yake. Muulize ana kazi ngapi mkononi. Ukitaka mkeka wa rangi zako, mwagize miezi miwili kabla, na kofia ya mkono uiagize sikukuu moja uipokee sikukuu inayofuata. Toa malipo ya awali ambayo nyote mtakubaliana, mwandikiane hata kwa ujumbe wa simu: kitu gani, kipimo gani, rangi gani, bei gani, lini. Usimbadilishie bei siku ya kupokea. Fundi mwenye kazi iliyoagizwa hauzi saa kumi na moja jioni kwa sababu ya nauli.

Mimi nimefanya hivyo. Mwaka huu nilimpata fundi wa Lamu kupitia jamaa, nikampelekea kipimo cha kichwa cha bavyaa, nilichokipima kwa uzi kutoka kofia yake kuukuu siku aliyokuwa amelala. Nimelipa nusu. Kila baada ya wiki kadhaa fundi hunitumia picha, na nimeona vitundu vikiongezeka safu kwa safu. Haijaisha, na simharakishi. Bavyaa hasomi habari za mtandaoni, kwa hiyo siri hii iko salama kwenu. Idd ikifika nitampa kwa mikono miwili, na nitasubiri aigeuze ndani nje.